Kutch, Januari: siku nane kati ya mapipa ya nili na makumbusho ya darizi

Kumbukumbu hizi zimepangwa upya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la matumizi na picha ambazo nyingi ni za vidole, mapipa na migongo ya vitambaa. Migongo, kwa sababu kazi ya darizi ukitaka kujua imefanywaje, upande wa nyuma husema mengi kuliko wa mbele. Tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya Living and Learning Design Centre, makumbusho yaliyofunguliwa 2016 karibu na kijiji cha Ajrakhpur, nje ya mji wa Bhuj, wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Watu wa huko huyataja kwa herufi tu: LLDC. Makumbusho mengi ya nguo huanza na masanduku ya nguo kuukuu. Haya yanatunza pia kazi mpya kwa wingi, zilizotarizwa na wanawake walio hai, kwa mishono waliyoipokea kwa mama na bibi zao.

Bei zilizomo humu ni tulizolipa sisi. Januari hiyo rupia 100 zilikuwa kama shilingi 150 za Kenya, au karibu 3,000 za Tanzania.

Siku ya 1 na ya 2: Mumbai hadi Bhuj

Kutoka Nairobi na Dar es Salaam kuna ndege za moja kwa moja hadi Mumbai. Visa ya utalii huombwa mtandaoni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe mkononi, usiifungie kwenye sanduku la chini.

Kutoka Mumbai tulichukua treni ya usiku inayoanzia Bandra Terminus jioni na kufika Bhuj asubuhi. Daraja la vitanda vitatu lenye kiyoyozi lilitugharimu rupia 1,250 kila mmoja, pamoja na shuka mbili, blanketi na mto. Tikiti hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na Januari zinakwisha haraka kwa sababu ndio msimu wa wageni wa jangwa la chumvi. Ukichelewa, panda treni hadi Ahmedabad kisha uunganishe. Tangu Septemba 2024 kuna treni ya Ahmedabad hadi Bhuj inayotumia chini ya saa sita.

Treni yetu ilisimama gizani zaidi ya saa mbili. Mama mmoja wa kitanda cha chini alifungua kopo la chuma, akagawa mikate ya uwele na kachumbari ya embe kwa watu wote sita wa sehemu yetu ya behewa bila kuuliza nani ni nani. Tulifika Bhuj saa tano asubuhi badala ya saa tatu. Chumba cha wageni karibu na mji mkongwe, rupia 1,300 kwa usiku, maji ya moto ya ndoo asubuhi tu. Gujarat pombe ni marufuku kwa sheria. Anayeihitaji apange safari nyingine.

Jioni, dabeli: mkate mdogo uliojazwa viazi vyenye viungo, karanga na komamanga, uliozaliwa Mandvi, bandari ya Kutch hii hii. Rupia 25. Mbili zinatosha mtu mzima.

Siku ya 3, Jumatatu: geti lililofungwa, na Ajrakhpur

Saa nne asubuhi bajaji ilitushusha mbele ya geti la LLDC, rupia 350 kutoka mjini, ikageuza na kwenda zake. Geti lilikuwa limefungwa. Jumatatu ni siku yao ya mapumziko, nasi hatukuwa tumeangalia. Mlinzi alituletea viti viwili vya plastiki na jagi la maji, akatuelekeza kijijini: leo tazameni rangi, kesho njooni.

Ulikuwa mpango bora kuliko wa kwetu, na tunaupendekeza kwa kila atakayekwenda. Anza na nyua za rangi. Ila Ijumaa usiende Ajrakhpur mchana, mafundi wako msikitini.

Ajrakhpur ni kijiji kichanga. Mafundi wake ni Makhatri, Waislamu wenye kazi ya rangi kwa vizazi vingi, na wengi walitoka Dhamadka, upande wa mashariki. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilibomoa nyumba zao, na baada yake maji ya Dhamadka yalizidi kuwa na chuma. Kwa mpishi hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa rangi ni msiba, maana chuma kikikutana na dawa za kushikisha rangi, nyekundu hugeuka hudhurungi na nyeupe huwa kijivu. Basi wakatafuta ardhi yenye maji safi zaidi, wakajenga upya.

Wanachokitengeneza ni ajrakh: kitambaa chenye nyota, maua na mistari ya kijiometri, kwa nyekundu iliyoiva, buluu ya nili, nyeusi na nyeupe. Mtu wa pwani akiona nyekundu, nyeusi na nyeupe zile zimebanana, jicho litakwenda moja kwa moja kwenye kisutu cha harusi.

Uani mwa karakana moja unaweza kuona karibu hatua zote kwa asubuhi moja, kwa kuwa kila furushi la kitambaa liko kwenye zamu yake. Tuliandika hivi.

Kwanza kitambaa kinaoshwa kutoa wanga wa kiwandani, kisha kinalowekwa katika mchanganyiko wa samadi ya ngamia, magadi na mafuta ya mbarika. Kinakamuliwa, kinafungwa usiku kucha, kinaanikwa juani, kinarudishwa tena. Huenda mara saba hadi tisa. Kipimo ni povu: kipande kikisuguliwa kwa mkono kikatoa povu, kimeiva. Wanaofupisha hatua hii hulipa mwishoni, rangi ikiingia kwa mabaka.

Pili, maji ya harde, tunda kavu lenye ukakasi kama wa magome ya mikoko, unaotayarisha kitambaa kupokea rangi. Kitambaa kinatoka na rangi ya siagi. Kikikauka lazima unga uliobaki upanguswe. Ukibaki, mchapo utakaofuata utakaa juu ya vumbi badala ya kukaa juu ya uzi, na utabanduka.

Tatu, mchapo wa kwanza. Vibao vya kuchapia vimechongwa kwa mbao ya msaji, na wachongaji maarufu wako Pethapur, upande wa Gandhinagar. Mchoro mmoja una familia ya vibao: kimoja cha mistari, kimoja cha nyeusi, kimoja cha kujaza. Cha mistari huchapa ujiuji wa chokaa na gundi ya mgunga, ambao kazi yake ni kuzuia: popote ulipokaa patabaki peupe hadi mwisho. Ukiwa mwepesi, mstari unavuja na nyota inapoteza ncha zake. Ukiwa mzito, unakauka ukipasuka, na nili inaingia kwenye nyufa. Fundi hapimi kwa kijiko. Anainua kibao na kutazama kama ujiuji unakatika kwa usafi.

Nne, nyeusi. Vyuma chakavu, sukari guru na unga wa dengu hukaa ndani ya maji kwa takriban siku 20 hadi povu la njano lisimame juu. Maji yale huchujwa, yakachemshwa na unga wa kokwa za ukwaju yawe mazito ya kuchapika. Yakigusa kitambaa chenye harde, weusi unatokea machoni pako. Hapa nguvu ikizidi hasara haionekani leo. Chuma na ukakasi huendelea kuula uzi polepole, ndiyo maana nguo nyingi za kale makumbushoni hutoboka kwanza penye weusi, huku nyekundu na buluu za jirani zikiwa nzima. Atakayetazama nguo kuukuu yenye matundu yanayofuata mchoro ajue si kazi ya nondo.

Tano, ujiuji wa udongo, shabu na gundi kwenye sehemu zitakazokuwa nyekundu. Shabu itaishika nyekundu baadaye. Udongo unaizuia nili kwa sasa. Juu yake hunyunyiziwa vumbi la mbao ujiuji usishikane kitambaa kikikunjwa.

Ndipo nili. Mapipa yamezamishwa ardhini, na fundi anachovya akiwa amechuchumaa ukingoni. Maji ya pipa lililo hai si ya buluu: juu kuna utando unaong'aa kama shaba, chini yake ni kijani cha manjano. Kitambaa kinatoka kijani, na kabla hujamaliza kuelekeza kamera kimekuwa buluu, kwa sababu ya hewa. Hakiachwi muda mrefu ndani ya pipa, ujiuji usije ukalainika. Buluu nzito hupatikana kwa kurudia kuchovya, si kwa kukawia. Januari ina tatizo lake: usiku ni baridi, na pipa linalotegemea uchachu hulala. Siku ile mapipa mawili kati ya manne yalikuwa yamefunikwa magunia yapate joto.

Baada ya kuoshwa kwenye maji mengi, kitambaa kinaingia kwenye sufuria kubwa ya shaba juu ya moto wa kuni, pamoja na mizizi ya manjit, mmea wa rangi nyekundu, au alizarini, mbadala wake wa kiwandani. Moto unapandishwa taratibu. Ukiharakishwa, rangi inashika mikunjo ya nje kabla ya ya ndani. Penye shabu panakuwa pekundu, weusi unakomaa, na palipokuwa na chokaa pamebaki peupe. Kazi ya daraja la juu hurudi mezani, ikachapwa tena ujiuji na kuchovywa nili mara ya pili. Hiyo ndiyo minakari. Iliyochapwa pande zote mbili, mistari ikikutana uso kwa uso, huitwa bipuri, na kuna mafundi wachache wanaoiweza bila kuteleza.

Kijana aliyekuwa akichapa alisema "rang" kwa rangi na "nil" kwa nili. Hatukuhitaji mkalimani hapo.

Skafu ya pamba ya rangi za asili tuliinunua kwa rupia 1,200. Mjini Bhuj zipo za rupia 250 zilizochapwa kwa skrini. Kuzitofautisha ni rahisi: geuza. Ya skrini mgongo wake umepauka na nyeupe yake ni rangi iliyopakwa au kitambaa kilichoachwa wazi kwa usahihi wa mashine. Ya vibao ina viungo. Kila upana wa kibao kuna mahali ambapo mstari umepishana na mwenzake kwa unene wa uzi mmoja au miwili.

Siku ya 4, Jumanne: LLDC, mara ya kwanza

Taasisi iliyo nyuma ya makumbusho inaitwa Shrujan. Ilianza 1969, mwaka wa ukame, Chandaben Shroff alipokwenda kijiji cha Dhaneti kwenye kambi ya chakula na kukuta wanawake wasiotaka sadaka bali kazi. Alirudi na sari 30 za kutarizi. Zilipofika Mumbai zikauzwa. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya Rolex kwa wazo lililofuata: kupeleka kazi bora za darizi kwa gari, kijiji kwa kijiji, ili wanawake wenyewe wazione na kuzisoma, badala ya kazi hizo kuishia kwenye makabati ya wanunuzi. Kwa ajili hiyo wadarizi mahiri wa jamii mbalimbali waliagizwa kutengeneza paneli, kila moja ikiwa na fani yake, na paneli hizo ndizo zilizokuja kuwa moyo wa makumbusho. Chandaben alifariki mwaka uleule milango ilipofunguliwa.

Ndani mwanga ni hafifu, na wageni wengine hunung'unika. Darizi ya hariri na pamba haivumilii mwanga. Kipimo ambacho makumbusho mengi ya nguo hufuata ni lux 50, kama taa ndogo ya chumba cha kulala. Simama dakika tano jicho lizoee. Kuhusu picha, uliza mapokezi kabla hujatoa simu.

Tulikaa saa nne na nusu, na zilizotushika zaidi ni hizi.

Suf. Pembetatu juu ya pembetatu, zinazojengeka kuwa tausi, nge, mashamba. Hakuna mchoro unaochorwa kwanza. Mdarizi anafanya kazi kutoka upande wa nyuma, akihesabu nyuzi za kitambaa, huku sura ya mbele iko kichwani mwake. Akikosea uzi mmoja kwenye ncha ya pembetatu ya kwanza, safu nzima inakwenda upande na ncha hazitakutana katikati. Hakuna kurekebisha, ni kufumua. Kitambaa chenye nyuzi zisizo sawa hakifai kwa suf hata kiwe kizuri namna gani, na hilo ndilo kosa la wanaoagiza kazi wakiwa mbali: wanatuma hariri laini, wanashangaa pembe zimepinda.

Kharek. Jina maana yake tende kavu, na kweli vijiti vyake vya mshono uliojaa vimelala kama tende kwenye sahani. Mdarizi anaanza na fremu ya miraba midogo ya uzi mweusi, kisha anajaza. Fremu ni nusu ya kazi. Ukiiona imepinda usitegemee rangi kuiokoa.

Kazi za Warabari, wafugaji, zenye mshono wa mnyororo na vioo vya maumbo mengi: duara, pembetatu, mraba, mfano wa mdomo wa ndege. Hapa inafaa kueleza jinsi kioo kinavyoshikwa, kwa sababu watu wengi wanadhani ni gundi. Kioo hakina tundu. Kinawekwa juu ya kitambaa, nyuzi mbili zinapita juu yake wima karibu na kingo, mbili nyingine mlalo zikizikatiza, unapata wavu wa nyuzi nne. Kisha mshono wa kuzunguka unaanza, kila chomo likishika wavu na kuuvuta kuelekea nje hadi uzio wa uzi unafunika ukingo wa kioo. Wavu ukilegea, kioo kitacheza na ukingo wake utakata uzi baada ya miaka michache. Ukikazwa kupita kiasi, kitambaa kinajikunja kuzunguka kioo na paneli haitalala bapa tena. Bonyeza kioo kwa kidole sokoni kabla ya kulipa: kisicheze.

Kazi za Waahir zina mnyororo pia lakini mistari inapinda, mauamaua na kasuku, na mchoro unachorwa kwanza. Wajat wa Garasia hufunika kifua kizima cha gauni kwa mishono ya msalaba iliyobanana hivi kwamba kitambaa cha chini hakionekani kabisa. Wamutwa wanatumia vioo vidogo kama punje. Na aari, iliyokuwa kazi ya mafundi viatu, haitumii sindano bali ndoana inayopenya kitambaa kilichowambwa na kuvuta uzi kutoka chini. Ndiyo yenye mnyororo mwembamba kuliko yote.

Jambo moja halionekani ukutani ila ni vizuri kulijua. Mwaka 1995 wazee wa Warabari wa Dhebaria walipiga marufuku darizi kwa matumizi ya jamii yao, kwa sababu nguo za kutarizi ambazo bibi harusi huenda nazo kwa mume zilikuwa zimekuwa mzigo, wasichana wakichelewa kuolewa hadi wamalize kutarizi. Wanawake wakageukia tepu na utepe wa kiwandani, wakaupanga kwa nidhamu ileile hadi ukawa mtindo mpya. Kwa maoni yetu mikoba ile ya utepe ni sanaa ya sasa yenye mizizi kama zilivyo paneli za suf, na makumbusho yoyote ya fani hii yakiikosa yatakuwa yamekosa sura nzima ya kitabu.

Kazi ikitundikwa, mgongo wake haukufikii. Hilo ni pengo la kila ukumbi wa nguo duniani, si wa hapa tu. Dawa yake iko vijijini.

Siku ya 5: Bhujodi na Kukma

Bhujodi ni kilomita nane hivi kutoka Bhuj, kijiji cha Wavankar, wafumaji. Rupia 150 kwa bajaji. Kitanda cha mfumi kiko juu ya shimo. Mfumi anakaa ukingoni, miguu iko chini ikikanyaga kanyagio. Mtande wa sufu, yaani nyuzi za urefu, unapakwa uji wa unga wa ngano uliochanganywa na kitunguu mwitu, ukapigwa brashi ndefu uchochoroni asubuhi mapema kabla jua halijakausha haraka mno. Uji ukikauka kwa kasi nyuzi hushikana, na kila zinapoachanishwa moja inakatika. Michoro haitokani na mashine yoyote: mshindio wa ziada, yaani nyuzi za upana, unaingizwa kwa vidole, nyuzi kadhaa kwa wakati, kati ya pigo moja na jingine.

Shali ya sufu rupia 2,800. Za akriliki ziko pembeni kwa 400 na muuzaji mkweli atakwambia. Chomoa uzi mmoja wa shada na uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, akriliki inaacha kidonge kigumu.

Kukma, mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo, kuna Khamir, taasisi iliyoanzishwa 2005 baada ya tetemeko. Wao ndio waliosimamia kurudi kwa pamba ya kala, pamba ya kale ya Kutch inayoishi kwa mvua tu bila kumwagiliwa. Nyuzi zake ni fupi, hivyo hukatika kwenye mashine za kisasa; ilibidi kurekebisha usokotaji, kisha mafundi wa kufuma wakajifunza upya mkazo wa mtande. Kitambaa chake ni kizito kidogo, kina vinundu, na kinapokea nili vizuri sana.

Kurudi hatukupata bajaji. Mzee mmoja mwenye gari dogo jeupe alisimama, akasikia tunavyoongea, akageuka: "Mwatoka Mombasa?" Alikuwa ameishi Kenya zaidi ya miaka thelathini, sasa yuko kwao Madhapar. Vijiji vya Wapatel kuzunguka Bhuj vina familia nyingi za Nairobi, Mombasa na Kisumu, na Kiswahili kinasikika barazani bila kukitafuta. "Shikamoo" yetu aliipokea kwa furaha kubwa, akatupeleka kwake, mkewe akatupa khichdi, mtindi wa maji na bilinganya la kuchoma. Hela ya mafuta alikataa kabisa. Atakayepita huko abebe majani ya chai ya Kenya. Ni zawadi inayothaminiwa kuliko chokoleti.

Siku ya 6: Nirona

Kilomita arobaini kaskazini magharibi. Gari la siku nzima rupia 2,600, dereva pamoja na mafuta. Nirona ni kijiji cha rogan, ufundi wa kuchora kitambaa kwa rangi ya mafuta, ulioshikiliwa na ukoo mmoja wa Khatri kwa muda mrefu. Abdul Gafur Khatri wa ukoo huo alipewa nishani ya Padma Shri 2019, na mwaka 2014 Barack Obama alipelekewa mti wa uzima wa rogan kama zawadi ya serikali ya India.

Mafuta ya mbarika huchemshwa hadi siku mbili, mbali na nyumba, kwa kuwa yananuka vibaya na yanaweza kushika moto. Yakifika kiwango humiminwa kwenye maji baridi, yanaganda kama utomvu. Yanasagwa na rangi za mawe na chokaa, kisha yanatunzwa ndani ya maji yasikauke. Fundi anachukua kidonge, anakiweka kiganjani mwa kushoto, anakikoroga kwa kijiti cha chuma wanachokiita kalam, hadi joto la mkono lilainishe na uzi mwembamba wa rangi uanze kuning'inia. Kijiti hakigusi kitambaa. Kinachogusa ni ule uzi, unaolazwa kama sukari ya keki. Nusu ya mchoro ikikamilika, kitambaa kinakunjwa na kubonyezwa, nusu ya pili inajichapa yenyewe. Kiganja cha baridi kinakata uzi. Cha moto mno kinaufanya utiririke. Asubuhi za Januari mafundi huota jua kwanza.

Kipande cha kiganja kimoja rupia 700. Usikikunje kwa wiki kadhaa. Kibebe bapa kati ya karatasi.

Anayeendelea kaskazini hadi jangwa la chumvi anahitaji kibali kituo cha Bhirandiyara, na nakala ya pasi. Simama hapohapo ule mawa ya moto, maziwa yaliyochemshwa hadi kuganda na sukari, rupia 60.

Siku ya 7: Mandvi

Basi la umma, saa moja na nusu, rupia 70. Ukingoni mwa mto Rukmavati wanajenga vyombo vya mbao vikubwa hadi leo, na mwenye kujua kotia, jahazi la Kihindi, atasimama kimya kidogo. Kutoka pwani hii, karne ya 19, ndiko walikotoka wafanyabiashara kama Jairam Shivji, aliyeshika forodha ya Zanzibar, na vitambaa vya India vilivyovuka bahari, kaniki ya nili ikiwamo. Siku iliyobaki ilikuwa ya kusubiri basi.

Siku ya 8: LLDC, mara ya pili

Tulirudi saa nne, tukaenda moja kwa moja kwenye suf, kisha kwenye vioo. Safari hii wavu wa nyuzi nne ulionekana chini ya kila uzio, na pale pembetatu zinapokutana ncha tuliweza kuhesabu nyuzi. Dukani tulinunua kitambaa cha mto chenye kharek, rupia 1,900.

Kwa atakayerudi na ajrakh: ioshe peke yake, maji baridi, sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha, na usiikamue kwa kupinda. Ianike kivulini, mgongo ukiwa nje. Maji ya mara ya kwanza yatakuwa ya buluu. Ni nili iliyokaa juu ya uzi bila kupenya. Yetu iliacha alama kwenye gazeti la Kigujarati ilimofungiwa, nyota nzima na miale yake, na maji yalitakata mara ya tatu.